Mashine ya Bi Mwatum Haijui Kushiba

Gari la matangazo lilipita kwa mara ya tatu, spika mbili juu ya paa kama masikio ya punda, likateremka mtelemko wa Chachani kwa makelele hata kahawa ikatikisika vikombeni barazani.

"Wananchiii! Kesho saa tatu asubuhi Mheshimiwa atafika kutufungulia tangi letu jipya la maji! Nyote mnaombwa mhudhurie! Njooni na furaha zenuuu!"

"Furaha tupu?" Pandu aliuliza, dele la kahawa mkononi. "Au tuje na madumu vilevile?"

Huyu Pandu ndiye mwenye kahawa, na watu wamemsahau jina, wanamwita Dele. Siku ya nne hiyo anachemshia kahawa maji ya kununua, kwa sababu bomba za mtaa mzima zimekauka. Ukifungua, bomba hukohoa kama mzee wa pumu, kisha hunyamaza.

"Hilo tangi lenyewe mmeliona?" alidakia Vuai Maskati. Vuai alikaa Maskati miaka sita, akarudi na miwani ya jua na tabia ya kuanza kila neno na "kule kwetu", kama kwamba Chake siko kwao. "Mimi jana nimelipanda mpaka juu. Limepakwa rangi ya buluu, limeandikwa jina kubwa. Ndani mna mijusi."

"Mingapi?"

"Miwili. Inaishi kwa starehe."

"Utaratibu ndio huo," alisema Mzee Mbarouk, akakohoa kama anayesubiri kipaza sauti. Alikuwa karani wa serikali mpaka alipostaafu, na bado huongea kama anasoma ripoti, ndiyo maana wakambandika jina la Hansadi. "Tangi kwanza linafunguliwa. Likishafunguliwa, ndipo mchakato wa maji unaanza. Huwezi kutia maji katika tangi ambalo halijafunguliwa. Ni kinyume cha taratibu."

"Ami Mbarouk, hayo maneno unayameza na maji ya nani?"

Aliyesema hivyo ni Ame. Kijana mwembamba, mguu wake mmoja hautulii, unatikisika saa zote kama una injini ndani. Ni fundi wa redio, feni, simu na pasi, na mtaa humwita Waya. Skuli aliiacha darasa la kumi. Mwalimu aliandika hesabu ubaoni, Ame akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, umekosea." Mwalimu akasema hajakosea. Ame akaenda ubaoni akaisahihisha mwenyewe. Mwalimu akamwambia kesho aje na baba yake. Kesho hakuja baba wala hakuja mtoto, na mpaka leo akipita skuli ile huangalia upande wa pili.

"Nitawaambia kesho itakavyokuwa," Ame aliendelea, mguu umeshaanza. "Alfajiri litakuja gari, litatia maji ndoo kumi. Mheshimiwa atafungua bomba, atanawa vidole vitatu, mtapiga makofi, kinamama watapiga vigelegele, na akiingia garini tu, bomba khoo! Imekwisha hiyo. Na nyinyi ndio wapiga makofi wenyewe!"

"Mimi sipigi," alisema Dele. "Mkono mmoja una dele."

"Utapigia paja! Nyinyi waoga. Ntu mmoja tu asimame aseme, Mheshimiwa, umedanganywa, humu mna mijusi. Mmoja tu! Hayupo. Akija hapa mnamchekea meno thelathini na mbili, akiondoka mnamsengenya na kashata."

"Sema weye."

"Nitasema! Mimi namuogopa nani? Mimi mdomo wangu hauna breki, mnanijua."

Vuai alivua miwani yake ya jua, akaifuta taratibu kwa ncha ya shati. Ikiwa Vuai anafuta miwani, kaa mbali, ana lake jambo.

"Vizuri, dogo. Mwanamme huyo. Sasa kwa kuwa mdomo hauna breki, hebu tuambie na sisi. Mashine ya kufulia ya Bi Mwatum ina nini?"

Mguu wa Ame ukasimama. Ulikuwa haujasimama tangu Alasiri.

Hapo panataka maelezo kidogo, maana mgeni atapotea. Bi Mwatum ni mama mwenye nyumba ya ghorofa moja juu ya mtelemko, yenye kisima chake na tangi lake juu ya paa. Mwanawe Nassor yuko Maskati, na miezi minne nyuma alimletea mama yake mashine ya kufulia mpya, ya kutilia nguo kwa juu, nyeupe kama jino la mtoto, ina kioo cha namba na mlio wa kinanda ikimaliza. Wiki iliyopita ikaanza kugoma. Inajaa maji nusu, inasimama, inalia pi-pi-pi, na kiooni inaandika E na nne. Akaitwa Ame. Ame akapima umeme, akapima fyuzi, akasema bodi imekufa. Ikaagizwa bodi Unguja, ikaja na boti, ikafungwa. Leo asubuhi Bi Mwatum katia mashuka sita, kaiwasha, kenda zake jikoni. Mashine ikavuta maji, ikavuta, ikavuta, ikajaa, ikamwaga, nayo bado inavuta. Povu likatoka mlangoni, likashika mtelemko, likafika hapa barazani saa mbili na nusu. Chake nzima inalilia ndoo moja, na maji ya Bi Mwatum yanatembea barabarani yenyewe, yameoga na sabuni.

Hilo moja. La pili ni zito zaidi. Bi Mwatum ana binti, Mize. Na Ame ameposa.

Barua ya posa iliandikwa na Mzee Hansadi, mshenga mwenyewe, kurasa sita, ina vifungu na vifungu vidogo. Barua imepelekwa, na jibu liko kwa kaka yake Bi Mwatum, Mzee Kificho, ambaye alisema atalitoa leo, kabla ya Magharibi, hapahapa barazani. Na huyo Kificho alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kofia imeshuka mpaka kwenye nyusi, anazungusha kikombe kitupu. Wanamwita Kufuli. Ukimuuliza saa ngapi, hufikiri kwanza kama wastahiki kujua.

"Mashine imeshapona," Ame alijibu. "Nimeitengeneza saa nne. Inafua."

"Hatukuuliza kama imepona. Tumeuliza ilikuwa na nini."

"Mpira tu."

"Mpira gani?"

Ame alitia mkono mfukoni, akautoa. Kimpira chembamba cheusi, unene wa mrija wa soda, urefu wa shubiri mbili. Akakishika juu wakione, na akaona roho yake imepata pa kupumulia, maana mambo ya ufundi yeye hayamshindi.

"Huu unatoka chini ya pipa la mashine, unapanda mpaka juu kwenye sensa. Ndani hamna maji, mna pumzi. Maji yakipanda pipani yanaisukuma ile pumzi, pumzi inaigonga sensa, sensa inaiambia bodi, basi, tumejaa, funga. Mpira ukitoboka, pumzi inatoka njiani. Sensa haigongwi. Maji yamefika shingoni, yenyewe inasema, sijaona tone. Bodi inasema, haya, tia."

"Subhanallah," alisema Dele. "Imeshiba na haijui?"

"Haijui."

"Inakula na inasema haijala?"

"Ndivyo."

"Basi hiyo siyo mashine, yakhe. Hiyo ni kamati ya tangi."

Wakacheka mpaka Vuai akamwagikiwa kahawa magotini. Hata kofia ya Kufuli ilitikisika kidogo.

"Na ile E na nne je?" Hansadi alitaka kila kitu kiingie kwenye kumbukumbu.

"Mwanzo kitundu kilikuwa kidogo, Ami. Pumzi ikitoka nusu, nusu inabaki. Mashine ikawa na wasiwasi, ndiyo maana ikaandika. Kitundu kilivyokuwa kikubwa, wasiwasi ukaisha. Ikaamini kabisa kwamba haina kitu."

"Kwa hiyo ile bodi ya Unguja haikuhusika."

Ame akajikuna shingo. "Haikuhusika."

"Maskini bodi," Vuai alisikitika kwa midomo. "Imesafiri na boti, imetapika njia nzima, kuja kutibu maradhi si yake. Kule kwetu Maskati mimi nilikuwa kwenye dobi kubwa, mashine arubaini, fundi wetu alikuwa anaanza kwa mipira. Kabla hajagusa bodi."

"Kule ulikuwa unapiga pasi, Vuai," Ame alimrudishia. "Pasi haina mpira."

"Nilikuwa msimamizi wa pasi!"

"Sawa, msimamizi."

"Basi msimamizi anauliza." Vuai alinyoosha kiganja. "Mpira huu umetobolewa na nini?"

Swali lenyewe ndilo hilo, na Ame alilijua tangu saa nne asubuhi kwamba litakuja.

Alikuwa ameilaza mashine ubavu, peke yake chumbani, Bi Mwatum yuko jikoni. Mashine hizi kwa chini ziko wazi, hazina kifuniko, unaona matumbo yote. Akaona mpira umeyeyuka, umelegea kama mshumaa uliokaa juani. Akashangaa, chumbani hapa moto unatoka wapi? Akatazama sakafuni ilipokuwa imesimama mashine. Palikuwa na duara jeusi juu ya vigae, la ukubwa wa sahani, na majivu, na kijiti kidogo cha udi kilichoungua nusu.

Akafahamu pale pale. Sisi nguo iliyofuliwa haijakuwa nguo mpaka ifukizwe. Mama zetu hutia udi kwenye chetezo, juu yake wakafunika tenga, juu ya tenga wakatandaza nguo, moshi ukapenya, ukipita njiani watu wanajua katika nyumba hii mna mtu. Bi Mwatum naye akaona, tenga la nini, mie nina mashine iliyo wazi kwa chini? Akakiteleza chetezo mvunguni mwake, kaa la moto na udi wake, nguo zifuliwe juu na moshi upande kwa chini. Kazi mbili kwa wakati mmoja. Akili kubwa. Ila joto likaupata mpira.

Na Ame, yule asiyekuwa na breki, yule aliyemsahihisha mwalimu mbele ya wanafunzi arubaini, akavua shati. Akafuta majivu kwa shati lake mpaka kigae kikang'aa. Akatia mpira mwingine, akaisimamisha mashine, akaita. Bi Mwatum alipouliza, "Baba, ilikuwa na nini?" mtu ambaye jibu la posa yake linatoka leo akasema, "Mpira umechakaa tu, mama."

Mama. Alisema mama.

"Umechakaa," Ame aliwajibu na wao vilevile.

"Umechakaa!" Vuai aliruka kama kaumwa na siafu. "Mashine ya miezi minne? Mimi hii kandambili nimekuja nayo kutoka Maskati, mwaka wa tisa, mpira wake hata ufa. Huo wa miezi minne umechakaa?"

"Mpira wa siku hizi..."

"Usiusingizie mpira, hauna baba wa kuja kuutetea. Umetobolewa na nini?"

"Panya," alisema Ame.

Neno lilikuwa halijatua chini alipoona kofia ya Kufuli inapanda. Macho mawili yakatokea chini yake.

"Panya?" Kufuli alisema. Ndilo neno lake la kwanza tangu Alasiri. "Kwa dada yangu mna panya?"

Yallah. Kumwambia mtu nyumba ya dada yake ina panya, siku unayongoja akuoze mtoto wa dada huyo! Ame alitamani benchi lifunguke limmeze.

"Si panya wa mle, Mzee Kificho. Ni... panya mpita njia."

"Mpita njia!" Dele aliweka dele chini, tumbo linamuuma kwa kucheka. "Alikuwa anakwenda wapi, bandarini? Kapitia kwa Bi Mwatum kula mpira, akapanda gari la Mkoani?"

"Tena panya mwenye adabu," alisema Vuai. "Kaona mashuka ya Bi Mwatum, asiyaguse. Kaona mikate jikoni, asiiguse. Katafuta mpira wa sensa! Panya huyo kasoma ufundi. Waya, huyo mwanafunzi wako?"

"Kwa kumbukumbu," alisema Hansadi, amenyoosha kidole, na uso wake ulikuwa na huzuni ya mshenga anayeona mteja wake anazama, "mchangiaji ametoa sababu mbili. Kwanza uchakavu. Pili panya wa safari. Mchangiaji anaombwa achague moja, au aziondoe zote mbili."

"Naziondoa."

"Basi lete huo mpira tuusome wenyewe," alisema Vuai, na kabla Ame hajaufinya kiganjani, Vuai kaunyakua. Akautazama kwenye mwanga. Akaupinda. Akaupeleka puani.

Akaunusa tena, macho amefumba, kama mtu aliyekumbuka harusi yake.

"Dele. Nusa."

Dele akanusa. "Mh."

"Mzee Hansadi."

Hansadi akavaa miwani ya kusomea ndipo akanusa. "Kwa mujibu wa pua yangu," alisema taratibu, "huu ni udi. Tena udi mzuri."

"Mpira wa mashine unanukia udi!" Vuai alipaaza. "Panya kaja na chetezo! Jamani panya gani huyu? Hana haja ya kuuawa huyo, wa kutafutiwa mke!"

"Nipe mpira wangu, Vuai."

"Kwanza sema."

"Sina cha kusema."

"Weye? Weye huna cha kusema? Muda si mrefu hapa ulikuwa simba, nitamwambia Mheshimiwa, nitamwambia Mheshimiwa. Mheshimiwa anakuja na gari saba na askari, humuogopi. Sasa unamuogopa nani, udi?"

Ame alijifuta jasho juu ya mdomo. Hakumtazama Kufuli, na kwa sababu hakumtazama, kila mtu akamtazama Kufuli kwa niaba yake. Kufuli akarudisha kofia kwenye nyusi na kuendelea kuzungusha kikombe. Alikuwa amesikia yote. Haijulikani ameyaweka wapi.

Hapo ndipo Dele alipojipiga kipaji cha uso.

"Ala! Ngoja ngoja ngoja. Bi Mwatum si huja hapa kuchukua kaa? Kila siku ya kufua! Huja na chetezo chake, huniambia, Pandu, nitilie makaa mawili matatu yaliyoshika. Mimi nikajua ana mgonjwa anafukizwa. Kumbe mgonjwa mwenyewe mashine!" Akageuka huku na huku kutafuta wa kumshangilia. "Leo asubuhi kaja. Na baada ya Alasiri, mlipokuwa bado mko msikitini, kaja tena. Kafurahi kweli! Ananambia, Pandu, fundi kaniponyea mashine yangu, sasa namalizia yale mashuka yaliyobaki."

"Baada ya Alasiri?" Ame aliinuka. "Leo? Leo hii?"

"Leo hii. Nimemtilia matano, makubwa. Nimemwambia hongera."

"Matano!"

"Umefanya nini, dogo, mbona umekuwa mweupe?"

"Niacheni nipite!"

"Kaa chini, jibu la posa bado," Hansadi alimshika kanzu. "Mchangiaji haondoki kabla ya jibu, si utaratibu."

"Ami, niachie!"

Alikuwa amechelewa. Dele ndiye aliyeona mwanzo, kwa kuwa jiko lake liko chini kabisa ya mtelemko. Alitazama mtaroni, akatazama juu, akalinyanyua jiko lake lote pamoja na makaa, akalipandisha juu ya baraza.

Povu lilikuwa linakuja.

Lilikuja pole pole, jeupe, limejitanua njia nzima kama bibi arusi anayetolewa ndani. Likazunguka tairi la baiskeli ya Hansadi. Likafika kwenye benchi, likaingia ndani ya kandambili ya Vuai, ile ya mwaka wa tisa. Na harufu iliyokuja nayo! Udi, sabuni na mpira ulioungua. Kuku wawili wakalikimbia, wa tatu akasimama akaonja.

Watu wote barazani walinyanyua miguu juu ya benchi na kugeuka kumtazama Ame. Hakuna aliyecheka.

"Ameee! Fundi Ameee!"

Bi Mwatum mwenyewe alikuwa anateremka, kanga moja kichwani, moja kiunoni, imelowa mpaka magotini, viatu vinalia chwaka-chwaka. Mwanamke wa mwili, akiteremka mtelemko huo watu hujisogeza bila kuambiwa.

"Njoo uone mashine yako!"

Asubuhi ilikuwa mashine yake. Sasa imekuwa ya Ame.

"Bi Mwatum..."

"Umesema umeiponya! Nyumba bahari! Mize kapanda juu ya kitanda na mbuzi ya nazi! Mpira mpya umetia, si ndivyo ulivyonambia? Mpya huo! Na huu nao umechakaa? Umechakaa tangu saa nne?"

Ame alimtazama Hansadi, mshenga wake. Hansadi alikuwa anasoma kiganja chake mwenyewe. Akamtazama Vuai. Vuai, kwa mara ya kwanza, akavaa miwani ya jua kukiwa hakuna jua.

"Ni chetezo, mama."

"Chetezo kimefanya nini?"

"Ukikitia chini ya mashine, joto linayeyusha mpira. Wa kwanza uliyeyuka hivyo. Na huu pia, ndivyo. Hauna tatizo jengine. Bodi haikuwa na tatizo. Ni kaa la moto."

Alisema haraka haraka, kichwa chini, kama mtoto anayesoma kwa moyo. Bi Mwatum alisimama mikono kiunoni. Povu lilimpitia miguuni.

"Umejua lini?"

"Asubuhi. Niliona majivu."

"Asubuhi majivu uliyaona. Na mie nikatazama vigae vyangu, nikasema, alaa, kijana msafi huyu, kasafisha hata chini."

"Nilifuta kwa shati."

"Ukafuta!" Bi Mwatum alipiga makofi mara moja, pa! "Nimekuuliza, baba, ilikuwa na nini? Kwa heshima nimekuuliza. Nikakutilia chai ya maziwa. Nikakukatia mkate wa mayai, kipande cha kati! Ukakaa, ukala, ukanitazama, ukasema umechakaa tu, mama. Ungenambia, mama, chetezo kitoe, ningekitoa! Ningekasirika kidogo, ndiyo, ningekasirika, halafu ningekitoa! Kwani mie nani? Mie ndiye Mheshimiwa, hata niogopwe kuambiwa?"

Hapo baraza lilivunjika mbavu. Vuai alicheka mpaka akateleza benchini, akakaa ndani ya povu. Dele alifunika uso kwa kitambaa cha kupangusia vikombe. Hansadi alisema, "Iingie kwenye kumbukumbu, iingie kwenye kumbukumbu," machozi yanamtoka. Bi Mwatum hakujua wanachekea nini, ila aliona kasema jambo, akanyoosha shingo.

Ame peke yake hakucheka. Aligeuka mwisho wa benchi, kofia ilipo.

"Mzee Kificho," alisema, na sauti ilikuwa ndogo, si ya yule wa saa moja nyuma. "Samahani. Nilikuwa naogopa jibu."

Kufuli aliweka kikombe chini. Akaivua kofia, akaikung'uta, akaivaa upya sawasawa. Watu wakasogea, maana kufuli lilikuwa linafunguka.

"Hii mashine," alisema, "haina skuli. Haina baba, haina mama, haijaposa popote. Lakini ikiharibika, huandika. Namba yake iko pale kiooni, E na nne, ntu yeyote apitaye anaona kwamba hapa pana jambo." Akamtazama Ame juu mpaka chini. "Weye umeharibika tangu saa nne, na hukuandika hata namba."

"Ni kweli, mzee."

"Sasa mie kati ya weye na mashine, nimuoze Mize nani?"

Hata Bi Mwatum alicheka hapo, akaziba mdomo kwa kanga.

"Panda ukafunge maji," Kufuli alisema. "Upindue mashine. Na mara hii atakaa Mize pembeni, na mama yake, na mie, na kila unachokiona kule chini utakitaja kwa sauti. Ukiona jivu, sema jivu. Ukiona panya, sema panya."

"Hamna panya, mzee."

"Vizuri. Umeanza."

"Na jibu?" Hansadi hakuweza kujizuia. Barua ilikuwa ya kurasa sita. "Mheshimiwa mjomba, kwa niaba ya mposaji, jibu la posa lilikuwa litoke leo kabla ya Magharibi."

Kufuli alikwishainuka, amekunja kanzu mpaka magotini, anatafuta pa kukanyaga.

"Jibu litatoka nyumba ikikauka."

Ame alivua viatu, akavishika mkononi, akaanza kupanda mtelemko kinyume cha povu, Bi Mwatum nyuma yake anamhesabia mashuka. Njiani wanawake wa mtaa walikuwa wameshatoka na ndoo na makopo, wanateka maji mtaroni, ya kusafishia choo angalau, wanapigana vikumbo. Gari la matangazo likaja mara ya nne, likakuta njia imefungwa, likasimama katikati ya povu na ndoo, spika bado inalia, "Njooni na furaha zenuuu!"

"Limeshafunguliwa, bwana!" Dele alimpigia kelele dereva. "Mwambie Mheshimiwa asijisumbue, tangi tumelifungua wenyewe!"

Na Vuai, makalio yamelowa, kandambili moja mkononi na moja inaelea kuelekea sokoni, alizungusha viganja mdomoni akamwita Ame, ambaye alikuwa keshafika juu ya mtelemko:

"Usihofu, dogo! Nyumba itakauka tu! Chake hii, maji yamekaa kwa nani?"